Alkhamisi ya Wanawake wa Matrah

Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Muhsina aliyatumbukiza makoleo ya Daktari ya kung'olea meno sufuriani moja baada ya jingine, taratibu, yasigongane, maana wanawake waliokuwa wakingoja uani wakisikia chuma kinagonga chuma huinuka wakaenda zao. Akapunguza moto wa stovu, akafunika sufuria, akajifuta mikono, akachukua dele la kahawa na sahani ya tende.

Kila Alkhamisi ilikuwa hivyo: makoleo kwanza, kisha kahawa. Uani wanawake walikaa juu ya jamvi wameegemea ukuta wenye kivuli. Walikuwepo Wabulushi wa Matrah na nguo zao za tarizi, wake wa wavuvi wa Bustan, na leo mgeni mmoja, Bibi Masouda, aliyeletwa kutoka Sib na lori la kuni. Alivaa barakoa nyeusi iliyomfunika uso toka paji hadi chini ya pua, na shela lake akalivuta mpaka kidevuni.

Muhsina alipiga magoti mbele yake, akammiminia.

"Khabari zenu, bibi?"

"Njema."

"Huko mlikotoka hapana jambo?"

"Hapana, alhamdulillahi. Kheri tu."

Ndivyo ilivyokuwa nchi hii. Mtu akiulizwa khabari, khabari ni njema, hata kama nyumba yake inaungua nyuma yake. Shida husemwa baadaye, kahawa ikishanywewa na kifinjani kikishatikiswa, ishara ya kutosheka, kikarudishwa kwa mwenyewe. Watu waliotoka Unguja, kama Muhsina mwenyewe, nao hawakuwa mbali na hayo. Kheiria, shoga yake Muhsina, alizoea kusema kuwa hata maiti wa Unguja ukimwamkia atajibu hajambo, kisha ndiyo aombe sanda.

Daktari alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka wa kwanza alipofungua kliniki yake ya vyumba viwili karibu na soko la Matrah, alikuwa akiuliza, "Waumwa wapi?" Wanawake wakajibu, "Sina neno." Naye akaamini. Wakarudi vijijini mwao na meno yao mabovu, na dua juu yake.

Muhsina hakuwa akiuliza. Aliwapa tende, akatazama. Mwenye gego bovu kulia huisukuma tende kwa ulimi ikaenda kushoto. Ambaye jino limetoboka hadi kwenye uhai wake huipokea kahawa kwa ncha ya mdomo, akaishikilia hapo mbele mpaka ipoe. Na ambaye hana kitu ila hofu hutafuna pande zote mbili, kisha akaomba tende nyingine. Kifinjani kikishatikiswa, Muhsina humshika mgonjwa mkono, akampeleka nyuma ya pazia, na pale mlangoni hugusa shavu lake mwenyewe, kulia au kushoto, juu au chini, ili Daktari aone. Daktari alimfundisha majina ya meno na mizizi yao, na namna ya kuchanganya mafuta ya karafuu na poda ya kuzibia. Yeye alimfundisha Daktari kungoja.

Leo Bibi Masouda alikunywa kahawa kwa kuifyonza, akatikisa kifinjani. Tende aliipokea kwa shukrani, akaifumbata, mkono ukaingia chini ya shela. Hakuipeleka mdomoni. Muhsina alikuwa hajapata kuona hilo. Alisogeza goti karibu zaidi, na papo hapo honi ya gari ikalia nje, mara mbili, bila adabu.

Alikuwa Yaarub, mtoto wa mjomba wake, amesimama mlangoni mwa ua ameupa mgongo uwanja wa wanawake.

"Muhsina. Chukua buibui lako twende. Kamati inakaa leo."

"Walisema Jumamosi."

"Jumamosi watakuwa wameshapanda ndege. Mama yako yumo garini."

Kheiria alikuwa ameshamnyang'anya dele. "Nenda, shoga. Kahawa nitamimina mimi. Kumimina kahawa si udaktari."

"Yule bibi wa Sib hakuila tende yake."

"Pengine hapendi tende."

"Kheiria. Mtu wa Sib, aliyekulia mitendeni?"

Kheiria akamgeukia mgeni, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Lakini Yaarub, aliyekwisha kurudi garini, alipiga tena honi, na Muhsina akatoka huku anajifunga buibui juu ya kanzu yake ya kazi.

*

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1970. Tangu Julai, serikali ilipobadilika, nchi ilikuwa kama nyumba iliyofunguliwa madirisha baada ya msiba mrefu. Lango la mji halikufungwa tena usiku. Redio iliwaita waliosoma warudi. Na sasa palikuwa na nafasi za kwenda kusoma nje. Ya udaktari wa meno ilikuwa moja tu, Misri. Kwa kuwa nchini shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, kamati haikutazama vyeti peke yake. Ilitaka kujua mtu amewafanyia nini watu bila kulipwa, na amepata kuwaongoza akina nani.

Cheti Muhsina alikuwa nacho. Mtihani wa mwisho wa sekondari aliufanya Unguja mwezi mmoja kabla ya Mapinduzi. Kisha baba yake akafa katika siku zile, nyumba ikaenda, na yeye na mama yake wakafika Matrah kwa mjomba na mkoba mmoja wa nguo. Kilichomwingiza kwa Daktari lilikuwa jino la mama yake. Alimshika mkono mama, akaona namna wanawake wengine walivyokuwa wakiondoka bila kutibiwa. Wiki ya pili akarudi peke yake. Mama yake, Bi Mahfoudha, hakurudi tena. Hakuweza kuistahamili harufu ya mafuta ya karafuu. Mumewe alikuwa na shamba la mikarafuu Kizimbani, na harufu ile ilimkalisha kitako popote alipokuwa. Akija kumchukua binti yake, alikaa ng'ambo ya njia.

Landrova ilipanda mlima wa Riyam ikiguna.

"Ukiulizwa, jibu kwa adabu," alisema Bi Mahfoudha. "Usijitape. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Ndiyo, mama."

"Na usimtazame mtu machoni."

"Mama, wewe unataka niende?"

Bi Mahfoudha alitazama nje, kwenye majabali. "Mambo ya Mungu hayo," alisema.

Ndilo jibu alilolitoa tangu siku ile redio ilipotangaza. Muhsina alilisikia asubuhi na jioni, na kila mara alijaribu kulionja, kama lina ndiyo ndani yake au lina hapana, asijue.

*

Kamati ilikaa ghorofani, katika nyumba kongwe ya Maskati, nyuma ya meza ndefu. Walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa daktari Mmisri, mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wa pili alikuwa Bwana Amur, Mwomani wa Unguja, aliyerejea juzijuzi akapewa kazi serikalini. Muhsina alimjua kwa sura. Mama yake aliujua ukoo wake mpaka kwa babu wa babu. Lakini Bwana Amur aliwaamkia kwa Kiarabu, kwa ufupi, akainamia karatasi zake kama mtu asiyewajua.

"Tumesikia kuna kliniki Matrah inayotibu wanawake bure Alkhamisi," alianza Mmisri. "Wewe unafanya nini pale?"

"Nasaidia kidogo."

"Unasaidia vipi?"

"Namimina kahawa."

Mmisri alingoja. Akaandika.

"Siku hiyo ya wanawake nani aliianzisha?"

Muhsina aliona ule ua ulivyokuwa zamani, una magunia na paka. Alikumbuka alivyokwenda mara kwa mara kwa mke wa mwenye nyumba ya jirani, akanywa naye kahawa yake chungu, mpaka ua ukatolewa. Neno lilikuwa moja tu, na fupi. Lakini kulitamka mbele ya wanaume wawili, na mama yake kando, aliona ni kama kulivua buibui lake akalitundika kwenye kiti.

"Watu wa mtaa," alisema. "Na Daktari."

"Na hao wasichana wanaosaidia, nani anawaongoza?"

"Hapana anayeongoza. Tunasaidiana tu."

"Basi niambie, bint. Kwa nini twende na wewe, tusiende na mwengine?"

"Pengine yupo anayefaa zaidi."

Bi Mahfoudha alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza kisomo kizuri. Mtoto amefundwa. Hata neno moja hakujivuna.

Bwana Amur aliinua macho. "Na wewe, mama yake, umeridhika akienda?"

"Mambo ya Mungu hayo, baba."

Mmisri alifunika kalamu yake. Aliwashukuru kwa kuja, kwa upole ule ule ambao mtu humshukuru aliyekuja nyumba ambayo siyo.

Bwana Amur ndiye aliyewasindikiza hadi kwenye ngazi. Pale, kwa mara ya kwanza, alisema Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhalini msinichukie. Mimi siwezi kumsemea mtu. Nikifungua mdomo, kesho wataambiana Wazinjibari, sisi watu wa Unguja, tunabebana. Mtu atasemewa na ulimi wake." Akamtazama Muhsina. "Tupo hapa mpaka alasiri."

Garini Bi Mahfoudha aliupapasa mkono wa binti yake. "Umenipendeza, mwanangu. Na yule kijana naye ana adabu, katusindikiza mpaka kwenye ngazi."

Muhsina alitaka kufurahi. Badala yake aliyarudia kichwani maswali yote ya Mmisri, moja baada ya jingine.

*

Ua ulikuwa karibu mtupu waliporudi. Kheiria alikuja mlangoni na dele mkononi.

"Bibi wako yule bado yupo," alisema. "Nimemuuliza, anasema hana neno. Daktari kamuuliza, kasema hana neno. Mwenye lori amekuja kumchukua, hakuondoka. Kakaa tu. Mimi, shoga, ningekuwa na moyo wako, ningekuwa nimeshamtikisa."

Bibi Masouda alikuwa pale pale ukutani. Tende ilikuwa bado kiganjani mwake, imelainika, imegandamana na vidole vyake. Muhsina alipiga magoti. Hakumimina kahawa. Alichukua kitambaa cha maji, akaufungua ule mkono, akaufuta kidole kimoja kimoja, na alipokuwa akifuta alisogeza uso wake karibu na barakoa, akaisikia pumzi yake inavyonuka.

"Bibi," alisema, "fungua mdomo kidogo."

Bibi Masouda alitikisa kichwa. Haikuwa kukataa. Mdomo haukufunguka.

Nyuma ya pazia barakoa ilipovuliwa, Daktari alivuta pumzi ndani kwa meno. Shavu la kushoto lilikuwa gumu, linang'aa, na uvimbe umeteremka umepita taya. Muhsina alishika taa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika bibi kisogo, akimsemesha maneno madogo madogo ya Kiarabu, yale wanayosemeshwa watoto wakioshwa. Daktari alitia ganzi, akangoja, kisha akapitisha kisu chembamba pale palipoachia, kati ya shavu na ufizi. Usaha ulitoka mwingi. Muhsina alikinga beseni, akapokea, akabadilisha pamba, akapokea tena. Uso haukumkunjika hata mara moja. Machozi yalimtiririka bibi bila sauti, na polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua, taya likaanza kulegea.

"Jino lenyewe tutalitoa uvimbe ukishuka," alisema Daktari. "Atalala hapa Matrah. Angerudi Sib leo, mwanangu, hii ingemfika kooni."

"Atalala kwangu," alisema Kheiria nyuma ya pazia.

Bibi Masouda alijifuta. Alipoweza kusema, maneno yalimtoka mazito.

"Wewe ulikwenda wapi?"

"Bibi, kwa nini hukusema? Umeulizwa na watu wawili."

"Nimeulizwa khabari. Nimekuja ugenini, niseme mbele za watu khabari si njema?" Alimtazama msichana yule kwa macho ambayo sasa hayakuwa na barakoa. "Wewe ungesema?"

Muhsina aliinua beseni.

Daktari alikuwa akinawa. "Ala, nimesahau. Kamati ilikuuliza nini?"

"Waliniuliza nafanya nini hapa."

"Ukajibu?"

"Kuwa namimina kahawa."

Maji yaliendelea kutiririka mikononi mwa Daktari. "Na siku hii nani kaianzisha?"

"Watu wa mtaa."

"Na yule mwenye lori wa Sib, aliyekataa kubeba wanawake, nani alimfuata mpaka kwa mamake? Watu wa mtaa?" Alifunga bomba. "Na wewe hasa wataka kwenda? Uliwaambia?"

"Walijua, Daktari. Nisingekwenda kama sitaki."

"Chema chajiuza, sivyo? Ndivyo mlivyofundishwa, na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Chajiuza kikiwa sokoni, mwanangu. Chako umekitia uvunguni, ukaketi juu ya kitanda."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku anakausha kila kidole, kwa sauti ya mtu aliyeona kazi nzuri muda mrefu, akasahau kuitaja. "Na mimi pia nina makosa," aliongeza. "Sijapata kukwambia."

Muhsina aliweka beseni chini. Alilifunika kwa kitambaa, kama alivyofanya siku zote, kisha akatoka bila kujitazama kwenye kioo.

Ng'ambo ya njia mama yake alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka lililofungwa.

"Mama, nnarudi Maskati."

"Umesahau kitu?"

"Ndiyo," alisema Muhsina.

*

Walikuwa wakifunga. Mmisri alikuwa amesimama, koti begani, na Bwana Amur anakusanya karatasi. Muhsina aliingia akasimama mbele ya meza. Hakuketi, akihofu kwamba akiketi atangoja aulizwe.

"Siku ya wanawake niliianzisha mimi," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Mmisri aliinamisha kichwa ili asikie. Muhsina alishika ukingo wa meza.

"Ule ua niliuomba mimi. Wanawake hawakuwa wakikaa, walikuwa wanakimbia, nikafanya makoleo yachemke mbali nao. Lori la Sib halikuwa likibeba wanawake. Sasa linabeba. Wale wasichana, Kheiria na Nasriya, mimi niliwaita na mimi niliwafundisha kushika taa, na kuosha, na kukaa kimya mtu anapolia. Nikiumwa, kazi inaendelea." Alisita. Hilo la mwisho hakujua kama linahesabiwa. "Leo kuna bibi alikuwa anakwenda kufa na tende mkononi. Daktari amempasua, mimi nilimshika. Mikono yangu haitetemeki kazini. Sasa inatetemeka, lakini kazini haitetemeki. Nataka kwenda kusoma. Nataka kurudi nikawatibu mwenyewe, wasiwe wanavua barakoa mbele ya mwanamume."

Mmisri aliliteremsha koti lake akaliweka juu ya kiti. "Na asubuhi kwa nini hukuyasema haya?"

"Asubuhi," alisema Muhsina, "nilikuwa nawaamkia."

Bwana Amur alikohoa, akaangalia dirishani kwa muda. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Kuna jina tumeshaliandika," alisema Mmisri polepole. "Kijana wa hapa hapa Maskati. Amejieleza vizuri sana."

"Mimi sitaki jina lake lifutwe. Liandikeni na langu, muyatazame yote mawili."

Mmisri alikaa. Alitoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi bila kuandika, kisha akamgeukia Bi Mahfoudha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au arudi nyuma. Kwa muda wote ule hakutikisa kichwa.

"Na wewe, mama? Ni miaka mingi. Atakuwa peke yake kule, na wewe peke yako hapa. Unataka aende?"

Muhsina alilisikia lile jibu kabla halijatoka. Alilijua mpaka pumzi yake.

Bi Mahfoudha alikuja akasimama ubavuni mwake. Kwenye mkono wa kanzu ya binti yake, pale palipochungulia nje ya buibui, kilikuwa kimeganda kipande cha pamba chenye harufu ya karafuu. Alikibandua. Hakukitupa, alikivingirisha kati ya vidole vyake, akakikaribisha usoni, akakivuta puani mara moja, kisha akamtazama yule Mmisri machoni.

"Mimi sitaki aende," alisema. "Lakini mpeni nafasi yake."